Jina la Mtoto wa Nane

Nilipokuwa kijana, ndevu bado hazijajaa, nilipachika mlango kwenye nyumba isiyo yake. Ilikuwa Ngagara, upande mmoja wa mji wetu. Wanaoijua Ngagara wanajua zile nyumba zilivyojengwa kwa mitaa ya namba, kartie moja, kartie mbili, mpaka huko mbele, na ndani ya kila kartie nyumba zinafanana kama mikate ya tanuri moja. Bwana aliyenifundisha useremala, mzee wa Buyenzi ambaye babu zake walitoka Omani, alikuwa na duka la misumari na bawaba mbele, na karakana nyuma. Alinitwika mlango wa mvule kichwani akasema, "Kartie sita, nyumba yenye mti wa avoka uani." Namba ya nyumba aliniambia pia, lakini mi na namba hatukupatana tangu zamani. Shule niliacha darasa la tatu. Siyo kwa umaskini, tusidanganyane, ni kwa uvivu na kupenda mpira.

Nyumba zenye huo mparachichi uani zilikuwa mbili. Nikaingia ile niliyoiona kwanza. Nikamkuta mama mmoja mwenye mimba kubwa, amekaa kwenye kigoda anachagua mchele. Nikamwambia nimeleta mlango. Akanitazama, akautazama mlango, akasema, "Basi weka." Nikang'oa wake wa zamani, uliokuwa umeliwa na mchwa, nikapachika mpya. Akanipa chai na mandazi. Bwana wangu alipojua alinichapa na ubao wa msonobari, kisha akaenda mwenyewe kuudai. Yule mama akamjibu, "Muzee, mi sikuomba mulango. Mulango umekuja wenyewe kwa miguu yake. Sasa unataka kuutoa, nizalie wazi kama mbuzi?" Bwana wangu alikuwa mtu wa msikitini. Akarudi mikono mitupu, akasema basi ni sadaka, na sadaka hiyo nikailipa mimi kwa kazi mpaka nikasahau tarehe niliyoanza.

Lakini nyumba ile ikawa nyumba yangu. Mume wa yule mama alikuwa mwalimu. Kitanda chao nilitengeneza mi, kabati mi, na mwalimu alipofariki, jeneza pia. Yule mtoto wa mimba ile alizaliwa mwanaume, akasoma, akawa mwalimu kama baba yake. Walimhamisha huku na huku, mwisho wakampa udirekta, yaani ualimu mkuu, wa shule moja mashambani, mbele ya Kajaga, ukiacha lami ukafuata tuta katikati ya mashamba ya mpunga. Wakati huo mi nimeshazeeka, karakana nimeshaiacha. Akanipigia simu.

"Baba fundi, benchi zangu zimekunywa maji. Njoo uzitibu."

Nikamwambia macho yangu hayaoni vizuri. Akasema, "Hata zamani hayakuona vizuri, na mama alipata mulango." Nikacheka, nikaenda.

Nilikaa kule karibu miezi miwili, nalala stoo ya shule juu ya magunia. Lazima nieleze watu wa kule walivyokuwa wanaishi, kwa sababu mtu akisema "mashambani" watu wa mjini wanafikiri ni ndizi na maziwa. Zamani watu wa pale walikuwa watu wa pamba. Pamba ikafa, wakashika mpunga. Waliokaa upande wa ziwa walivua ndagala, dagaa wa kule, na wake zao walifua mashuka ya hoteli za ufukweni. Ziwa lilipopanda lilianza na zile hoteli. Mjini watu walizisikitikia hoteli, na wenye majumba ya Kibenga walisikitikia kuta zao, lakini sikumsikia mtu hata mmoja akisikitikia mashuka. Shuka chafu la hoteli lilikuwa ndiyo sabuni, chumvi na daftari la mtoto. Kisha maji yakaingia kwenye mpunga, na safari hii hayakutoka.

Wanaume wenye nguvu waliondoka kwanza. Wengine walikwenda Tanzania kulima tumbaku ya watu, wengine ng'ambo Kongo kuchimba, wengine waliingia mtoni kuzamia mchanga wa kuuza, na huo mto una mamba, mnajua. Nyumbakumi mwenyewe, yule aliyewekwa kuangalia watu, alifunga godoro lake kwenye baiskeli akahama bila kuaga. Ukimuona pale mwanaume wa miaka thelathini mchana, ujue ni mwalimu au mgonjwa. Waliobaki walikuwa wanawake, wazee na watoto. Hao watoto walikuwa na sare moja ya kaki kwa wawili. Mkubwa anasoma asubuhi, anatoka mbio, mdogo anamngoja njiani tumbo wazi, wanabadilishana hapo hapo, mdogo anaingia zamu ya mchana na kaki yenye jasho la ndugu yake. Direkta alijifanya haoni.

Walimu walibaki wanne na yeye wa tano. Yeye alioa pale pale, mke wake alikuwa anauza mihogo ya kuchemsha mlangoni mwa shule. Shule ile aliipenda kupita kiasi. Alikuwa anafagia madarasa mwenyewe. Mtu mzima na diploma yake, anafagia.

Siku moja nikiwa napiga randa, akaja na karatasi.

"Baba fundi, komini wananiandikia. Wanasema watu wa hapa wamekwisha. Wanataka kufunga darasa la saba, la nane na la tisa, batoto waende kusoma kule barabarani."

"Kule barabarani si mbali?"

"Kutembea ni asubuhi nzima, na kuna mitaro mitatu. Wasichana hawataenda. Nakuambia hata mumoja hataenda. Wataolewa." Akakaa kwenye benchi niliyokuwa sijaimaliza. "Wakifunga ya juu, mwaka unaofuata wanafunga na ya chini. Shule bila batoto ni banda la mbuzi."

Komini, yaani ofisi ya serikali ya pale, walitaka hesabu ya watoto wa umri wa shule, nyumba kwa nyumba, wanaokuja darasani na wasiokuja. Akizidi kiasi walichoweka, anabaki na madarasa yake. Akipungua, basi. Na yeye alishajaribu kuhesabu, akashindwa. Watu wakimuona na daftari wanafunga mlango. Walifikiri anatafuta michango, au anaandika watu wa kuhamishwa kwa nguvu kwa ajili ya maji. Tena kuna jambo jingine. Mama wa kule hahesabiwi watoto. Ukimuuliza "una batoto wangapi?" atakujibu "ni wa Mungu," au atakuonyesha kuku. Wanasema ukimhesabu mtoto kwa mdomo, kifo kinasikia.

"Nenda we," akaniambia. "We ni Muswahili wa mujini, muzee, una mita mukononi. Hakuna mutu anaogopa fundi."

Alikosea hapo kidogo. Nyumba ya kwanza tu, bibi mmoja aliyekuwa anaanika muhogo aliona ile mita yangu akapiga kelele, "We Muswahili, unakuja kupima nini? Sanduku langu la kaburi? Mi bado mufupi, rudi nikishalala!"

"Napima benchi, mama. Nataka kujua matako ya hapa yatajaza benchi ngapi."

Alicheka mpaka akakohoa. Akanipa kiti. Basi mchezo wangu ukawa huo, benchi na matako. Lakini idadi hata yeye hakusema.

Nikafikiri. Na mi nikifikiri ndiyo hasara huanza. Kwa Kirundi kuna majina yanayosema mtoto ni wa ngapi kuzaliwa. Wa saba ana jina lake, wa nane lake, wa tisa lake. Sisi wa Buyenzi tunawapa watoto majina ya kwenye Kurani, lakini yale majina nayajua, nimefanya kazi na watu wanaoitwa hivyo maisha yangu yote. Nikasema moyoni, aa, mzee, umepata ufunguo. Hawatahesabiwa, lakini wataitwa.

Tangu hapo nikawa naingia uani, nasalimia, napiga mzaha, kisha nauliza tu, "Huyu wa mwisho anaitwa nani?" Mama anasema jina. Kama ni jina la wa nane, naandika nane. Halafu nauliza habari za wakubwa, na hizo walisema bila shida: fulani ameolewa, fulani yuko Tanzania. Nane, toa wawili walioolewa, toa mmoja wa Tanzania, wanabaki watano. Kwenye nyumba zenye watoto wachache nilihesabu kwa macho. Nilizunguka siku nane. Kila jioni nilirudi kwa direkta na karatasi yenye alama za nyumba na tarakimu, basi, majina sikuandika. Kuandika majina kunanichosha mkono.

Naomba nisimame hapa niseme jambo langu. Mke wangu alizaa sita. Wa kwanza aliondoka kabla ya arobaini yake. Mtu akiniuliza watoto wangapi, nasema watano. Ndivyo tulivyofundishwa, unahesabu walio hai, yule mwingine unamwachia Mola, unamwombea, humtaji kwenye hesabu. Sikuwahi kufikiri kuna namna nyingine ya kuhesabu. Hiyo ndiyo sababu, na siyo kisingizio.

Direkta alijumlisha. Ikazidi. Ikazidi vizuri kabisa. Nilimuona akijumlisha mara tatu, kisha akaenda nje akasimama akitazama paa la darasa la tisa. Jioni ile mke wake alitupikia mukeke, samaki mtamu wa ziwa, na wali, sijui mukeke aliutoa wapi, na direkta akasema, "Mama yangu alisema mutu huyu hata akikosea, mutu anapata mulango." Akatia sahihi yake na muhuri wa shule, akapeleka mwenyewe kwa baiskeli. Mi nikaendelea na benchi. Nilitengeneza nyingine mpya kwa mbao za paa la hoteli lililoanguka, mbao nzuri, ngumu, misumari inapinda.

Baada ya majuma kadhaa walikuja watu wawili wa komini, mama mmoja mwenye miwani, na bwana mmoja aliyekuwa anamshikia mwavuli na makaratasi. Walifurahi kusikia watu ni wengi, lakini walitaka kuona. Direkta akawaita wazazi wote na watoto, wenye sare na wasio na sare. Walikuja kama harusi. Alikuwa amewaambia, siku hii ndiyo ya kuokoa shule, mlete hata anayenyonya. Watoto wakapangwa uwanjani nyumba kwa nyumba, kila mama nyuma ya wa kwake. Mi nilikuwa mlangoni mwa darasa, na nyundo mkononi, najiona mkubwa.

Yule mama wa miwani akasoma nyumba ya kwanza. "Watano."

Walisimama watatu. Nyuma yao mama yao, mwanamke mwembamba, mrefu, aliyekuwa mfuaji wa mashuka.

"Wengine wawili wako wapi?"

Yule mwanamke akawavuta watoto wake karibu. Akaulizwa tena, kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, taratibu, kama anayeulizwa ni kiziwi. Bwana wa makaratasi akasema, "Hapa imeandikwa ulizaa nane, watatu wamekwenda, wamebaki watano. Tunaona watatu."

"Mi sikusema nane," akasema. "Mi nilisema jina la mutoto."

Kisha akanyoosha mkono upande wa ziwa. Pale alipoonyesha palikuwa maji matupu na vichwa vya matete. Niliona watu wote wakitazama chini, na ndipo nikaelewa. Pale ndipo palikuwa makaburi yao kabla ziwa halijapanda. Wawili wake walikuwa pale, chini ya udongo, na udongo chini ya maji. Jina la wa nane linahesabu waliotoka tumboni. Halijali nani bado anapumua.

Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Jina la wa saba, karatasi inasema wanne, wamesimama wawili. Ya tatu, mmoja amepungua. Na kila nyumba, yule mama wa miwani aliuliza kwa sauti, mbele ya watu, "Wengine wako wapi?" Sidhani alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na kazi, na jua lilikuwa kali.

Yule bibi wa muhogo ndiye aliyeanza. Alikuwa amekuja na wajukuu. Akasema kwa sauti kubwa, "Reka! Acheni! Mumewahesabu pamoja na wafu! Mumewaita juani, wazima na wafu kwenye musitari mumoja!" Akashika wajukuu wake wawili mikononi akawatoa kwenye mstari. Akina mama wakaangaliana. Yule mrefu akawashika wake watatu. Halafu mstari wote ukavunjika. Walikuwa wanawavuta watoto kwa mikono, kwa mashati, mmoja alimfunika wake kichwa kwa kitenge asionekane. Direkta alikimbia mbele yao, mikono ameinyoosha.

"Mama zangu, ngojeni! Hawajamaliza! Mukiondoka wataandika sifuri!"

"Waandike," mmoja akamjibu. "Sifuri haiui mutoto."

Watoto wenyewe walikuwa wanageuka nyuma kutazama benchi mpya. Uwanja ukabaki na walimu, watoto wa walimu, na sisi.

Yule mama wa miwani akavua miwani akaifuta. "Direkta," akasema, "umeandikisha marehemu ili upate madarasa?"

Hapo nilitakiwa kusema. Neno fupi tu: mimi. Miguu yangu ilikuwa pale, ulimi ulikuwa pale. Nilifikiri watanifunga, nilifikiri mimi mzee, nilifikiri atajitetea mwenyewe maana ana maneno mengi ya shule. Direkta alinitazama mara moja, siyo kwa hasira.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Muhuri ni wangu."

Wakaandika yao, wakapanda gari. Yule bwana wa mwavuli alisema madarasa ya juu yamefungwa kuanzia muhula ujao, na kwamba direkta ataitwa kueleza. Aliyasema kwa adabu, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa.

Tulibaki wawili uani, mi na direkta. Akakaa kwenye benchi.

"Baba fundi, pale kwenye nyumba zao ulisikia nini?"

"Nilisikia wa nane."

"Ukaandika nane."

"Nikatoa walioolewa, nikatoa wa Tanzania."

"Na waliokufa?"

"Hakuna aliyeniambia wamekufa."

"Wote walikuambia," akasema. "Mutu wa hapa akisikia jina lile anauliza kwanza wangapi wamebaki. Na mi ningejua, kama ningekuuliza hizo namba umezipata wapi. Sikuuliza. Nilikuwa nataka zizidi."

Nikamwambia nitakwenda komini kesho, nitasema kosa ni langu. Akatikisa kichwa. Alisema hata ukitoa wafu, hata ukisema ukweli wote, hesabu ya wazima haitoshi. Alishaifanya kichwani pale pale uwanjani, wakati wanasimama watatu badala ya watano. Watu wa hapa wamekwisha kweli, akasema. Komini hawakudanganya.

Mke wake akaja kutoka mlangoni na beseni la mihogo, hakuna aliyenunua siku ile. Akamuuliza atakula. Akasema atakula baadaye. Akavua koti lake jeupe la kufundishia, akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya benchi. Akaingia darasa la tisa, nikasikia anafuta ubao. Akatoka, akajipangusa chaki kwenye suruali.

Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta. Hakuichukua. Alipita kati yetu, akashika njia ya tuta, kule inakoelekea lami. Nikafikiri anakwenda kutafuta mtandao wa simu, maana pale shuleni simu ilikuwa haishiki, kila mtu alikuwa anapanda tuta kupiga. Mke wake naye alifikiri hivyo. Akamwita, "Uje na chumvi!"

Aliinua mkono bila kugeuka. Alitembea mwendo wa kawaida, wala si wa mtu mwenye hasira. Tulimuona mpaka kwenye kona ya mtaro wa kwanza, kisha matete yakamficha. Hajarudi mpaka leo.